Wingu Linalosimama Upepo Ukipita

Mawingu mengi huenda na upepo. Mkulima wa Moshi huliona wingu likitokea mashariki, likapita juu ya migomba yake, likapotelea upande wa Meru. Lakini zipo siku ambapo wingu moja hukaa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, likiwa bapa, laini kingoni, nene kidogo katikati, likabaki hapohapo kwa saa nzima au zaidi, ilhali wapandaji walio karibu na kilele wanashikilia kofia zao kwa ukali wa upepo. Upepo upo, tena unapita ndani ya wingu lenyewe. Wingu ndilo haliendi.

Hiyo ni kwa sababu wingu la aina hii si kitu kinachobebwa na upepo, bali ni mahali. Hewa inayofika hapo ina mvuke usioonekana kwa macho. Inapanda, inapoa, mvuke unageuka matone madogo sana. Ikitokeza upande wa pili inashuka, inapata joto, matone yanakauka na hewa inaendelea na safari yake ikiwa angavu kama ilivyokuja. Ukingo wa mbele unazaliwa upya kila sekunde na ukingo wa nyuma unafutika kila sekunde. Chukua wingu lenye upana wa kilomita tano na upepo wa mita 20 kwa sekunde: tone lililozaliwa mbele hufika nyuma baada ya dakika nne hivi, na huo ndio umri wake wote. Anayelitazama wingu kwa saa nzima ameona vizazi zaidi ya kumi vya matone, akidhani anatazama wingu lilelile.

Kwa nini hewa ipande kisha ishuke? Kusema mlima umeisukuma juu ni nusu ya jibu. Hewa ya mchana juu ya nchi kavu kando ya Ziwa Victoria nayo hupanda, lakini yenyewe huendelea kupanda hadi ikajenga mawingu makubwa ya radi. Tofauti iko kwenye utulivu wa tabaka za hewa. Hewa isiyo na matone ikipanda kilomita moja hupoteza karibu nyuzi 10 za Selsiasi, kwa kuwa juu mgandamizo ni mdogo na hewa hutanuka. Hewa iliyoko pembeni yake, kwa wastani wa dunia, hupungua joto kwa nyuzi 6.5 tu katika kilomita hiyohiyo. Basi hewa iliyopandishwa kwa nguvu hujikuta baridi kuliko jirani zake kwa nyuzi tatu na ushei. Hewa baridi ni nzito, hivyo inarudi chini. Inaporudi inakuwa na kasi, inapitiliza kimo ilichotoka, na huko chini inajikuta ina joto kuliko jirani zake. Inasukumwa juu tena. Wakati huohuo upepo unaipeleka mbele bila kukoma, na ndiyo maana njia yake angani inachora wimbi. Jiwe lililozama kwenye mto wenye kasi hufanya vivyo hivyo: maji yanainuka juu yake, yanabonyea nyuma yake, yanainuka tena hatua chache mbele, na vilima hivyo vya maji havisogei ingawa mto wenyewe unakimbia.

Mpando na mshuko mmoja, katika tabaka la chini la angahewa, huchukua kama dakika 10. Hesabu ya muda huo hubeba majina mawili, la David Brunt wa Uingereza na Vilho Väisälä wa Finland, ambao kila mmoja kwa njia yake aliifanyia kazi miaka ya 1920. Ukiwa nayo mkononi, mengine hutoka yenyewe. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, ukizidishwa kwa sekunde 600, unatoa kilomita 12: huo ndio umbali wa kukadiria kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi unaofuata. Upepo ukiongezeka, migongo huachana. Hewa ikiwa tulivu zaidi, migongo hukaribiana. Pale ambapo mgongo umefika juu vya kutosha kupoza mvuke, wingu linatokea. Pale palipo bonde la wimbi, anga linabaki jeupe.

Kilimanjaro kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni mlima uliosimama peke yake na si sehemu ya safu ndefu. Hewa inayokutana na safu haina pa kupitia ila juu. Inayokutana na mlima wa peke yake ina hiari ya kuuzunguka, na mara nyingi ndivyo inavyofanya, kwa sababu kuzunguka hakudai nguvu nyingi kama kupanda. Ipo kanuni ya kukadiria ni kiasi gani cha hewa kitapanda: gawanya kasi ya upepo kwa kasi ya mpwito wa hewa, yaani ya ule mpando na mshuko wake. Kwa upepo wa mita 10 kwa sekunde na hewa ya kawaida, jibu ni kama mita 1,000. Maana yake, katika mlima unaoinuka karibu mita 5,000 kutoka tambarare ya Moshi hadi kilele cha Uhuru, ni ile hewa ya mita 1,000 za mwisho tu ndiyo inayovuka kilele. Iliyobaki inagawanyika na kupita ubavuni.

Hili lina matokeo ambayo watu wengi hawayafikirii. Wingu la wimbi lililotulia juu ya Kibo halitokani na unyevu wa mashamba ya kahawa wala wa msitu. Mawingu ya msituni ni mengine kabisa: hayo hupanda kila siku jua likishapasha joto miteremko, yakaufunika mlima kiunoni kufika mchana, na umbo lake ni la mafundomafundo. Wingu bapa la kileleni linatengenezwa na unyevu uliosafiri ukiwa tayari kwenye kimo cha mita 5,000 hivi, pengine kutoka mbali sana. Anayeliona anapewa habari za tabaka la hewa ambalo yeye, akiwa chini, hana njia nyingine ya kulijua isipokuwa kurusha baluni la vipimo.

Tena habari hizo ni za kuaminika kuliko mtu angedhani. Wingu la wimbi linasema kwa uhakika mambo matatu kwa pamoja: juu kuna upepo wa kutosha, hewa imejipanga kwa utulivu, na kuna unyevu kwenye kimo kile. Likionekana limegawanyika katika tabaka mbili, tatu au nne, moja juu ya lingine na mwanya mwembamba katikati, ndivyo unyevu wenyewe ulivyojipanga: tabaka lenye mvuke, tabaka kavu, tabaka lenye mvuke. Wimbi ni moja, linaziinua zote kwa pamoja, lakini zile kavu hazina cha kuonyesha.

Si kila wimbi huishia juu ya mlima ulioliamsha. Mwaka 1949 Mwingereza Richard Scorer alionyesha kwa hesabu kwamba upepo ukizidi kwa kimo, au utulivu wa hewa ukipungua juu, wimbi hukosa njia ya kupanda. Linabaki limefungiwa kwenye tabaka la chini na kusafiri kwa mlalo, mgongo baada ya mgongo, mbali na mlima. Picha za setilaiti zimeithibitisha kazi yake kwa namna ambayo hakuna mchoro wa darasani ungeweza. Kusini mwa Bahari ya Hindi kuna kisiwa kidogo cha Ufaransa kiitwacho Amsterdam, kisichofika hata mita 1,000 kwa kimo. Upepo ukiwa sawa, nyuma yake hutokea mistari ya mawingu iliyopanuka pande mbili kwa umbo la V, ikienda mamia ya kilomita juu ya bahari tupu. Kilima kimoja kinaandika habari zake angani kwa umbali ambao meli ingehitaji siku nzima kuuvuka.

Wanasayansi, hata hivyo, hawakuwa wa kwanza kuligusa wimbi lenyewe. Waliotangulia ni marubani wa glaida, ndege zisizo na injini, ambao kupanda kwao kunategemea hewa inayopanda. Machi 1933 Hans Deutschmann na Wolf Hirth waliruka karibu na Grunau, chini ya milima ya Riesengebirge, ambayo leo iko mpakani mwa Poland na Jamhuri ya Cheki. Walijua, kama kila rubani wa wakati huo, kwamba upande wa mlima unaopokea upepo hewa hupanda, na upande uliokingwa hushuka. Nao walikuwa upande uliokingwa. Badala ya kushushwa wakainuliwa, kwa ulaini na bila misukosuko, juu kuliko mlima wenyewe. Katika eneo hilo wenyeji walikuwa wakilijua siku nyingi wingu refu lililosimama nyuma ya milima, wakaliita Moazagotl. Joachim Küttner, mtaalamu wa hali ya hewa aliyekuwa pia rubani, akaunganisha mambo mawili: wingu lililosimama na hewa iliyowainua wenzake. Mwaka 1937 yeye mwenyewe alipanda hadi karibu mita 6,800 katika mawimbi hayo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Küttner alihamia Marekani, na huko kukaanzishwa mradi mkubwa wa kupima mawimbi nyuma ya safu ya Sierra Nevada, California, kambi ikiwa mji mdogo wa Bishop. Mahali palichaguliwa vizuri. Sierra inainuka pole kutoka magharibi kisha inakatika ghafla kuelekea bonde la Owens, mshuko wa takribani mita 3,000, na pepo za majira ya baridi huipiga kwa pembe mraba. Tarehe 19 Machi 1952 Larry Edgar na Harold Klieforth walifika mita 13,489 kwa glaida, juu kuliko ndege za abiria za leo zinavyoruka kwa kawaida, bila tone la mafuta.

Miaka mitatu baadaye, bonde lilelile lilionyesha sura ya pili ya wimbi. Chini ya mgongo wa kwanza, karibu na ardhi, hewa hushindwa kuufuata mkondo. Hujikunja na kuzunguka kwenye mhimili wa mlalo, kwa fujo. Marubani huiita rota. Juu yake huweza kukaa wingu dogo lililochanika kingoni, ambalo asiyejua angelipuuza kabisa, kwa kuwa macho yote huvutwa na lile bapa zuri lililoko juu. Tarehe 25 Aprili 1955 glaida ya Edgar iliingia humo na kuvunjika vipandevipande angani. Edgar alitoka akiwa hai, kwa mwamvuli. Kwa yeyote anayeruka karibu na milima, somo la siku ile lingali na uzito uleule: wingu laini la juu halina ugomvi na mtu, hatari iko chini yake, ndani ya kile kiwingu kibaya kisichopigwa picha.

Lakini lipo jambo zito zaidi, nalo ni kwamba wimbi halihitaji wingu ili liwepo. Tarehe 5 Machi 1966 ndege ya Boeing 707 ya shirika la Uingereza la BOAC iliondoka Tokyo kuelekea Hong Kong. Anga lilikuwa safi, na rubani alipita karibu na mlima Fuji, wenye mita 3,776. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali kileleni, ukitoka magharibi na kaskazini-magharibi, na ndege ilikuwa upande uliokingwa. Ilivunjika angani juu ya eneo la Gotemba. Watu wote 124 walikufa. Uchunguzi ulihitimisha kwamba ndege ilikutana ghafla na msukosuko uliozidi nguvu iliyobuniwa kuihimili. Mvuke haukutosha kuweka alama yoyote pale ambapo hewa ilikuwa ikipanda na kuporomoka. Wingu la wimbi likionekana, wimbi lipo. Lisipoonekana, hakuna lililothibitishwa. Mafunzo ya marubani leo yanatilia mkazo jambo hili, na watabiri wa usafiri wa anga hutoa tahadhari za mawimbi ya milima kwa kusoma upepo na joto la tabaka za juu, si kwa kungoja mawingu yatokee.

Milima ya ikweta haina ukali huo mara kwa mara. Pepo za juu ya Afrika Mashariki kwa kawaida ni dhaifu kuliko zile za magharibi zinazopiga Andes, Sierra au Japani, na ndiyo sababu mawingu ya wimbi ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, kwa uzuri wake wote, ni madogo na ya muda. Udogo huo usichukuliwe kuwa kinga kwa ndege nyepesi zinazovuka kingo za Bonde la Ufa siku ya upepo.

Kuna mawingu mengine yenye sura ya mawimbi ambayo asili yake ni tofauti, na mara nyingi huchanganywa na haya. Tabaka mbili za hewa zikiteleza moja juu ya nyingine kwa kasi zisizolingana, mpaka wao huanza kupinda, kisha migongo hujikunja na kuanguka kama mawimbi ya bahari yavunjikavyo ufukweni. Hesabu yake ilianzwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1868 na Lord Kelvin mwaka 1871. Mawingu hayo hudumu dakika chache tu, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliyaingiza rasmi katika atlasi yake ya mawingu mwaka 2017. Kisha kuna lile wingu la Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa Australia, ambalo miezi ya Septemba na Oktoba hutokea alfajiri likiwa kama gogo refu hata kufikia kilomita 1,000, likienda kwa kasi ya kilomita 40 na zaidi kwa saa. Hilo ni wimbi linalosafiri. Halina mlima wa kulishikilia.

Turudi kwenye wingu lililosimama, maana ndani yake kuna utajiri ambao wafizikia wa mawingu wameuthamini sana. Katika wingu la kawaida ni vigumu kujua tone lina umri gani, limepanda wapi, limekutana na nini. Katika wingu la wimbi hewa inaingia upande mmoja na kutoka mwingine kwa mstari unaojulikana, kwa hiyo umbali kutoka ukingo wa mbele ni saa yenyewe. Ndege za utafiti huyapita mawingu haya kwa kufuata upepo na kusoma historia ya tone hatua kwa hatua. Ni kwa njia hiyo ambapo watafiti, Andrew Heymsfield akiwa miongoni mwao, walichunguza jinsi matone yanavyobaki maji hata kwenye baridi kali, mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, ambapo huganda yenyewe bila kuhitaji chembe ya vumbi ya kuanzia. Hata mtazamaji wa chini anaweza kujua kama jambo hilo limetokea. Wingu la matone ya maji hukatika kwa ukingo safi upande wa nyuma, kwa sababu matone hukauka mara hewa inapoanza kushuka vya kutosha. Barafu huhitaji hewa kavu zaidi ndipo igeuke kuwa mvuke. Kwa hiyo wingu likiganda, huacha mkia mrefu mwembamba unaofuata upepo mbali na mlima. Ukingo safi ni maji, mkia ni barafu.

Mawimbi yasiyofungiwa chini yanapanda, na hayakomi kwenye kimo cha ndege. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, ndivyo wimbi linavyokua. Tarehe 2 Septemba 2018 Jim Payne na Tim Gardner, katika glaida ya mradi wa Perlan, walipanda juu ya Andes karibu na El Calafate, Argentina, hadi zaidi ya mita 22,000, mara mbili ya kimo cha ndege ya abiria, wakibebwa na wimbi la milima peke yake. Kwenye ncha za dunia, wakati wa baridi, mawimbi kama hayo huipoza hewa ya stratosfia chini ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na hapo hutokea mawingu yanayong'aa kwa waridi na kijani wakati ardhi imeshaingia gizani. Carl Størmer wa Norwei aliyapiga picha kutoka vituo viwili kwa wakati mmoja, akahesabu kimo chake na kukuta kinazidi kilomita 20. Kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa pambo. Baada ya kugunduliwa kwa tundu la ozoni katika miaka ya 1980 ikafahamika kwamba juu ya chembe za mawingu ya aina hiyo ndipo klorini hugeuzwa kuwa katika hali inayoila ozoni.

Wimbi likifika juu sana huvunjika, na likivunjika huachia hewa ya huko nguvu liliyoibeba kutoka mlimani, ambayo huupunguza mwendo upepo wa kule juu. Watabiri walilijua hili kwa uchungu. Modeli za kompyuta za miaka ya 1980 zilikuwa zikionyesha pepo za magharibi za kaskazini mwa dunia zikiwa kali kupita kiasi, na kosa hilo halikuisha kwa kuongeza kompyuta. Mwaka 1986 Tim Palmer na wenzake, Glenn Shutts na Richard Swinbank, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kasoro ilitokana na kusahau breki hiyo ya mawimbi ya milima, ambayo ni madogo mno kuonekana kwenye vipande vya ramani ambavyo kompyuta hutumia. Walipoiingiza kwa hesabu ya kukadiria, pepo zikashuka kuelekea kasi zake za kweli.

Kwa ikweta, mawimbi yenye kazi kubwa zaidi hayatoki milimani. Yanatoka kwenye radi. Dhoruba ya usiku juu ya Ziwa Victoria huipiga hewa iliyo juu yake na kurusha mawimbi kila upande, mengi yakienda juu bila wingu la kuyaonyesha. Yakiungana na mengine kutoka ukanda mzima wa ikweta, huzigeuza pepo za stratosfia: kwa mwaka na ushei huvuma kutoka mashariki, kisha kutoka magharibi, mzunguko mzima ukichukua wastani wa miezi 28. Mwaka 2000 Matayo Indeje na Fredrick Semazzi walichapisha uchambuzi uliohusisha mzunguko huo na mvua za misimu za Afrika Mashariki, na tangu hapo swali la jinsi pepo za kilomita 20 na zaidi zinavyoweza kuigusa masika limebaki wazi mezani mwa watafiti. Mwanzoni mwa 2016 mzunguko wenyewe ulivurugika, kwa mara ya kwanza tangu vipimo vilipoanza 1953: pepo za mashariki zilijitokeza katikati ya zile za magharibi wakati ambapo hakuna aliyezitarajia. Modeli za utabiri hazikuliona jambo hilo likija, na sehemu ya kazi inayoendelea sasa ni kuzifanya zihesabu vizuri zaidi mawimbi yanayoondoka juu ya dhoruba za maeneo kama Ziwa Victoria, kwa vipande vya ramani vya kilomita chache badala ya makumi.